Nyanya wa Mudende na Kiwanda cha Mifuko

Vijana wa dawati la biashara mmeniomba niandike namna mji unavyovuta biashara na namna unavyozifanya zibaki. Nilipokuwa kazini hamkuuliza, kwa sababu nilikaa karibu nanyi na mlijua jibu litakuwa refu. Sasa nimestaafu, mvua ya Gisenyi inanyesha, na sina mahali pa kwenda. Someni taratibu. Kile kiti mlichorithi kinazunguka upande mmoja tu, na mimi nilikikuta hivyo.

Siku yangu ya kwanza mkuu wa ofisi aliniambia kazi yangu ni kuvutia wawekezaji. Nikamuuliza tunawavutia kwa kitu gani. Akanyoosha kidole dirishani, kule Ziwa Kivu lilipo. Nilikuwa mgeni, nimerudi kutoka Kigoma pamoja na wazazi wangu, na Kiswahili changu kiliwachekesha wenzangu. Waliniita Mtanzania mpaka nilipozaa, ndipo nikawa Mama Neema. Sikutaka kuonekana mbishi siku ya kwanza. Nikaandika "ziwa".

Miaka ile ya mwanzo tulivutia sana. Ujumbe ukija kutoka Kigali tuliupeleka ufukweni, tukaukalisha chini ya miavuli ya hoteli, tukauletea sambaza, wale dagaa wa Kivu, wa kukaanga, na hotuba. Wageni walikula sambaza, wakapiga picha, wakauliza habari za umeme na mpaka, kisha wakaondoka mapema wasije wakakutwa na giza kwenye kona za mlimani. Walivutiwa kweli, sina shaka. Ila walivutiwa na ziwa, na ziwa halimwajiri mtu isipokuwa mvuvi.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Anselme, mtu mfupi aliyekulia Masisi, upande wa Kongo, na ambaye kila siku alivaa koti la suti na mabuti ya mvua kwa pamoja. Yeye hakwenda ufukweni. Alisema wageni wana watu wengi wa kuwahangaikia, wenyeji hawana, na kazi ambazo tayari ziko mjini ndizo za kuchungwa kwanza. Asubuhi tulipita kwa mafundi cherehani wa mtaa wa Waislamu, kwenye mashine za kusaga, kwenye bekari, kwenye gereji za pikipiki. Alinikataza kuuliza biashara inaendaje. Ukiuliza hivyo Gisenyi utaambiwa "tunashukuru Mungu", hata kama anayekujibu anafunga virago. Mtu wetu hakuambii kwamba anaondoka. Anakuaga akishafika.

Badala ya kuuliza, Bwana Anselme aliomba choo. Kila tulipoingia. Mwanzoni nilidhani mzee ana maradhi, nikawa namshauri apunguze chai. Siku moja tulipotoka kwa mtengenezaji wa juisi ndipo aliponieleza.

"Ukienda ku choo unapita mu nyumba yote," alisema. "Unaona kama mali iko, kama watu iko. Na ukikuta mulango ya choo imevunjika na hawatengenezi, bon, jua kama watahama."

Mlango wa choo cha yule bwana wa juisi ulikuwa umefungwa kwa kamba. Kabla ya Krismasi alikuwa ameshavuka mpaka na mitambo yake, na waliokuwa wakimwoshea chupa walibaki huku na mikono yao mitupu. Tangu hapo nimeingia vyoo vya mji huu kuliko bwana afya yeyote, na nawashauri mfanye hivyohivyo. Nendeni na karatasi yenu.

Bwana Anselme alipostaafu aliniachia mabuti, ambayo hayakunitosha, na Bwana Mugisha, ambaye alikuwa bado hajaamua.

Bwana Mugisha alirudi kutoka Uganda na mashine za kushona mifuko ya kitambaa. Huku kwetu mifuko ya plastiki imekatazwa, na kila anayevuka kwenda Goma au kurudi anahitaji kitu cha kubebea, kwa hiyo biashara alikuwa ameshaiona. Alichokuwa hajakiona ni mahali. Kigali walikuwa wamemwahidi kiwanja kwenye eneo la viwanda. Mimi sikuwa na kiwanja. Nilimpeleka kwenye bariyeri ndogo ya mpakani asubuhi, wakati kina mama wamepanga foleni na vitunguu, unga na kuku, nikanyamaza. Aliangalia jinsi walivyobeba vitu vyao kwa ndoo, kwa mashuka na kwa vitenge vilivyofungwa mafundo, akasimama pale mpaka jua likatuchoma. Ziwa hakuliulizia. Mwezi uliofuata alipanga ghala pembeni mwa barabara ya kupanda Mudende.

Kati ya wote tuliowahi kuwavutia, huyu ndiye aliyekuja na kazi za watu. Aliajiri wasichana kwa wavulana, wengi wao kutoka Mudende na Busasamana, ambao asubuhi walishuka na malori ya viazi. Kwenye mashine ya kukata alimweka Vestine, binti wa Mudende aliyelelewa na nyanya yake, na mshahara wa Vestine ndio uliokuwa ukiwasomesha wadogo zake. (Kigoma tulisema bibi, lakini Gisenyi ukisema bibi watu wanauliza mke wa nani, kwa hiyo humu nitasema nyanya.) Choo cha kiwanda kilikuwa na mlango, komeo na sabuni. Nililala vizuri.

Kuhusu ruhusa, Bwana Mugisha alikuwa na msimamo mmoja: hakutoa. Harusi ufanye Jumapili, ugonjwa ulete cheti, na mambo ya shamba alisema ni ya watu wasio na kazi. Lakini ukimwambia umefiwa, hata sentensi hukuimaliza. Alikuambia nenda, akakutafutia usafiri, na wala hakuuliza utarudi lini. Sikujua kwa nini. Nilidhani ni dini.

Mvua za Septemba zikaanza, na huko juu ndio wakati wa kupanda viazi. Mbegu zinakuwa zimeshachipua gizani chini ya kitanda, udongo wa volkano umelainika, na ukichelewa utakula vya jirani. Vestine akamwomba Bwana Mugisha siku chache akapande. Akakataliwa, kwa adabu. Wengine wakaomba, wakakataliwa kwa adabu ileile. Wiki iliyofuata nyanya wa Mudende wakaanza kufa.

Walikufa kwa wingi. Wa Vestine alitangulia, wakafuata wa vijana wa Busasamana, kisha nyanya wa upande wa pili, kwa wale ambao wa upande wa kwanza walishawatumia msimu wa Machi. Nusu ya ghala ikanyamaza. Bwana Mugisha alikuja ofisini kwangu na suti nyeusi, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna ugonjwa huko mlimani ambao haujatangazwa. Nje mvua ilikuwa inanyesha vizuri kabisa, mvua ya viazi.

Jibu nilikuwa nalo, nikalimeza. Kigali walikuwa bado wanampigia simu kuhusu kile kiwanja, na mwenyewe aliniambia kwamba anaogopa kuendelea kuajiri watu mahali ambapo familia zinaangamia namna hii. Nilijua kwamba akisikia hawajafa itakuwa mbaya zaidi. Nikamwambia ofisi itapeleka pole kwa niaba yake. Akanishangaa. Pole haitumwi, alisema; mtu huenda nayo mwenyewe. Mwajiri kutoka ng'ambo angetuma ujumbe wa simu, mambo yakaishia hapo, na viazi vikapandwa kwa amani. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimevutia mtu wetu, tena aliyelelewa vizuri. Kreti ya fanta alikuwa ameshainunua.

Tukapanda Mudende, mimi nimekaa mbele, kreti nyuma. Njiani nilijaribu kila nilichoweza. Nilisema barabara inateleza. Nilisema watu wa huku hawapendi wageni wakati wa msiba, jambo ambalo si kweli mahali popote duniani. Yeye aliuliza tu kama ukungu ule ni wa kawaida. Mashamba ya pande zote mbili yalikuwa yamejaa watu, na kila tulipopita, mmoja au wawili waliinama ghafla wakaanza kuchunguza udongo kwa makini sana. Niliwatambua kwa migongo. Walikuwa wa mashine za kushona.

Uani kwa kina Vestine hapakuwa na turubai wala viti vya kuazima. Palikuwa na mwanamke mzee aliyevaa koti la kiume, amekaa juu ya gunia, anachambua mbegu za viazi. Bwana Mugisha alitua kreti, akavua kofia, akasema kwa Kiswahili alichojifunza kwa madereva wa Kampala kwamba amekuja kulia pamoja na familia kwa kumpoteza mama mkubwa wa nyumba hii. Yule mzee naye alikulia Masisi. Kinyarwanda alikiweka kwa watu wa nyumbani, na kwa watu wa ofisi alitumia Kiswahili.

"Mama mukubwa ya hii nyumba ni mi," alisema. "Nilikufaka siku gani?"

Nilitazama kreti, kwa sababu ndiyo peke yake iliyokuwa hainitazami. Vestine akatokea nyuma ya nyumba na jembe, matope hadi magotini, akamwona bosi wake, akasimama palepale. Nyanya alimtazama yeye, akamtazama Bwana Mugisha, akaitazama kreti, na nadhani hapo akawa ameelewa mambo yote, kwa sababu aliuliza kama fanta yote ile ni yake peke yake au ni ya wafu wote wa mtaa.

Bwana Mugisha hakupandisha sauti. Alimwambia Vestine kwamba kutokuja kazini angeweza kusamehe, lakini hili hawezi, na kwamba Jumatatu atawapigia watu wa Kigali awaambie anakuja. Alisema hivyo taratibu huku akipangusa kofia ambayo haikuwa na vumbi. Mimi niliogopa. Nasema wazi hapa kwa kuwa kwenye ripoti za ofisi neno hilo halipo. Niliziona zile mashine juu ya lori, nikawaona wale vijana waliokuwa wameinama mashambani wakirudi kuinama kila siku kwa kukosa mahali pengine, na nikawaona wadogo zake Vestine wakirudishwa nyumbani kutoka shule. Nilitafuta neno la kusema, mimi ambaye nimehudhuria semina za kuzungumza na wawekezaji, na sikulipata.

Nyanya ndiye aliyeuliza, huku mikono yake ikiendelea na mbegu.

"Huyu mutoto alikuomba ruhusa ya kulima birayi?"

Bwana Mugisha akasema ndiyo, aliomba kupanda viazi.

"Ukakatala."

Nilikataa, akasema.

"Na ya kufiwa, ulimupa."

Nilimpa, akasema tena.

"Bon. Donc alichukua ile yenye unatoaka."

Nilifikiri hapo Bwana Mugisha atakasirika, na kweli uso ulibadilika, ila haikuwa hasira. Alikaa juu ya kreti ile, suti na yote, akasema atamwambia mama kwa nini huitoa hiyo ya kufiwa. Akaeleza kwamba na yeye alilelewa na nyanya, huko Uganda, wazazi wake wakiwa wamekufa mapema. Alipopata kazi yake ya kwanza Kampala, nyanya alifariki kijijini. Akamwomba bosi wake ruhusa, bosi akasema kazi kwanza, na yeye alikuwa kijana, aliogopa kuipoteza ile kazi.

"Nilimzika kwa simu," alisema. "Binamu yangu aliishika simu karibu na kaburi. Nilisikia udongo unavyoanguka. Nilikuwa nimesimama stoo."

Alipofungua kiwanda chake, alisema, aliapa kwamba hakuna mtu wake atakayezika kwa simu. Kumbe watu wakakifanya kiapo chake kuwa likizo. Vestine aliposikia hivyo aliweka jembe chini na kujifunika uso kwa mikono yenye matope.

Nyanya aliacha mbegu. Aliinuka kwa shida, akamuuliza Bwana Mugisha jina la nyanya yake. Aliitwa Eseri. Akauliza kama baada ya hapo watu walimkalia kilio, huko Kampala au popote. Hapana, alisema Bwana Mugisha, aliendelea na kazi.

"Fanta ikishafika ku kilio hairudie mu voiture," alisema nyanya, akilitazama gari letu. "Na kilio iko. Vestine, ita watu."

Wakaja kutoka mashambani. Wale waliokuwa wameinama waliinuka sasa, wakaja na majirani, na majirani wakaja na wazee wao. Binti mmoja wa mashine za kushona alifika amemshika marehemu wake mkono, maana yule mzee haoni vizuri. Hawakuwa wameelewa sana. Waliambiwa bosi amefiwa na nyanya, na kwa watu wa Mudende hilo linatosha. Walipanga mstari. Kwa kuwa viganja vyao vilikuwa na udongo, walimpa vifundo vya mikono, kama tunavyosalimiana mtu anapotoka kulima, na Bwana Mugisha alishika kifundo kimoja baada ya kingine, na kila mmoja alimwambia pole kwa Eseri. Wa mwisho alikuwa nyanya mwenyewe. Hapo aliacha Kiswahili. Alimwambia "wihangane, mwana wanjye", yaani vumilia, mwanangu, kwa Kinyarwanda.

Bwana Mugisha alilia. Mimi pia nililia, na sikuwa na sababu rasmi. Fanta haikutosha.

Tuliposhuka, mabati ya Gisenyi yalipoanza kuonekana, Bwana Mugisha aliniuliza viazi vinachukua siku ngapi kupandwa. Jumatatu hakupiga simu Kigali. Tangu mwaka ule kiwanda kinafungwa mvua za viazi zikianza, wateja wanajulishwa mapema wanunue mifuko ya kutosha, na vifo vya nyanya vimepungua huko mlimani kwa namna ambayo wizara yoyote ingejivunia. Kwenye ripoti yangu niliandika "mashauriano na wadau yamefanyika". Mkuu wangu alisema niongeze picha. Sikuwa nayo.

Wiki za kupanda Bwana Mugisha mwenyewe alikuwa akienda Mudende kulima. Nyanya alimpa tuta lake, la pembeni, mahali ambapo hasara ingekuwa ndogo. Alimcheka kwamba anapanda kwa kubana kama mtu anayeshona. Mavuno yake yalikuwa viazi vya ukubwa wa gololi, na nyanya alivipika vyote, akamlazimisha avimalize.

Yule mzee alifariki kweli wakati wa kiangazi, msimu ambao hakuna kitu cha kupanda. Vestine alishuka asubuhi kama kawaida, akasimama mbele ya mashine yake, akasema neno moja tu, nyanya. Msimamizi wa zamu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alianza kutabasamu akidhani ni utani wa zamani. Bwana Mugisha alitoka, akamtazama Vestine, akatazama mbingu iliyokuwa kavu, akaenda kuzima umeme wa ghala zima kwa mkono wake. Tulipanda sote, kwa magari na malori. Kaburini alichukua koleo na hakumpa mtu mpaka shimo likajaa. Wanaume wa Mudende walimwelewa, wakamwachia.

Muda mfupi kabla sijastaafu, watu wa Kigali walikuja wenyewe, wawili, wamevaa vizuri. Sikuwapeleka ziwani. Walimweleza Bwana Mugisha habari za kiwanja, barabara ya lami hadi mlangoni, umeme usiokatika, na kodi nafuu kwa miaka ya mwanzo. Nilikaa pembeni nikisikiliza, na ukweli ni kwamba yalikuwa mambo mazuri. Kama ningekuwa kiwanda ningehama. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, akawamiminia chai. Akasema hawezi kuja, kwa sababu ana mtu wake kule Mudende na hawezi kumwacha.

Wageni walitazamana. Tulipotoka nje, mmoja wao alinivuta kando, akaniuliza kama ni mchumba, na kama wakimtafutia kazi nzuri Kigali huyo mtu angekubali kuhama.

Nikamwambia ni nyanya yake, na amezikwa huko.